Waingereza walimulilia Muzee Tom, wauguzi wao walingojea mushahara

Tarehe 27 ya mwezi wa pili 2021, mu muji wa Bedford kule Uingereza, waaskari sita walibeba sanduku la muzee wa miaka 100. Bendera ya inchi ilifunika sanduku, ndege ya zamani ya vita ikapita mu mbingu, bunduki zikalia mara tatu. Lakini watu wa jamaa waliokuwa pale walikuwa paka nane, juu ya sheria za corona. Kwetu kilio cha watu nane si kilio. Wengine wote, mamilioni na mamilioni, walilia ku televizyo.

Huyo muzee ni Tom Moore, mwenye wote kule walizoea kuita Captain Tom. Alikufa tarehe 2 ya mwezi wa pili: homa ya mapafu ilimushika, kisha corona ikamukuta palepale.

Wasomaji wetu wa Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi wanaweza kuuliza: muzee wa Kizungu anatuhusu nini? Anatuhusu. Lopitali yenye alichangia ilianza na watu wa shimo sawa vile sisi, na ile maneno tutaifikia.

Kwanza tuseme alifanya nini. Mu mwezi wa 4 wa mwaka 2020, corona iliua Waingereza kila siku na watu walifungiwa ndani ya nyumba. Muzee Tom alikuwa na miaka 99. Tangu alipovunjika nyonga mwaka 2018, alitembea na kigari cha kuegemea. Akasema: mbele ya siku yangu ya kutimiza miaka 100, nitapita mara mia moja mu bustani ya nyumba yetu, urefu wa metre 25, na mwenye kupenda achangie kazi za lopitali. Aliomba pauni 1 000. Watu zaidi ya milioni moja na nusu wakaleta karibu pauni milioni 33. Wimbo wenye aliimba pamoja na mwimbaji mumoja wa kule ukafika wa kwanza mu inchi nzima. Kadi za kumupongeza zilipita 150 000, wakazipanga mu masomo ya mujukuu wake. Mu mwezi wa 7 malkia akamupa cheo cha heshima, hapo nje ku Windsor.

Hatutaki kucheka ile mapendo. Ilikuwa ya kweli. Tena tunafikiri kuko sababu moja ya machozi yale yenye watu wengi hawakuisema. Wakati muzee anakufa, corona ilikuwa imeua zaidi ya watu 100 000 mu Uingereza; siku ya kumuzika hesabu ilikuwa imepita 120 000. Wengi wao walikufa bila bibi, bila bwana, bila mutoto wa kuwashika mukono, kwani lopitali zilikataza kuingia. Ku mazishi sheria iliruhusu watu 30, basi. Mutu mwenye hakulilia baba yake vizuri anabaki na ile maji mu macho. Muzee Tom alipokufa, kila nyumba ikapata njia ya kuyatosha. Kilio chake kilikuwa kilio cha wote wale wengine.

Kisha kuko kilio cha Leta, na hapa njo tuko na maneno.

Bendera ya ofisi ya Waziri wa kwanza ilishushwa nusu ya mulingoti. Wadepite walisimama kimya dakika moja. Tarehe 3, saa kumi na mbili ya magaribi, Waziri wa kwanza Boris Johnson alitoka ku mulango wake kupiga makofi juu ya marehemu, na akaita inchi yote ifanye vilevile. Vizuri. Lakini kwetu, ku kilio kuko kaye. Mutu anafika, analia, kisha anaandikisha jina na kile ameleta. Ukifika saa ya kufungua ile kaye, unaona: mwenye alilia kwa nguvu kupita wote, mara nyingine jina lake halimo.

Tarehe 4 ya mwezi wa tatu, siku tano tu nyuma ya mazishi, kaye ya Leta ya Uingereza ilifunguliwa. Wizara ya afya iliandikia tume yenye kuchunguza mishahara kwamba wauguzi na wengine wa lopitali za inchi waongezewe 1 ku mia. Bei ya vitu ilitegemewa kupanda kupita pale, maana yake mushahara ungeshuka. Hawa njo watu walevale wenye walipigiwa makofi mwaka 2020 kila siku ya nne, wenye wamoja wao walivaa mifuko ya takataka juu nguo za kujikinga zilikosekana. Serikali ilijibu kwamba corona ilikula makuta mingi, na kwamba wafanyakazi wengine wengi wa Leta hawakuongezewa kitu. Ni kweli kwamba makuta mingi ilitoka. Lakini muuguzi aliuliza kwa nini yeye njo alikuwa wa mwisho ku mustari.

Tuangalie tena ile milioni 33. Kwa mutu wa kawaida ni mali isiyohesabika. Kwa lopitali za inchi yote, zenye kula zaidi ya pauni miliardi 100 kwa mwaka, haifiki ata masaa matatu ya kazi. Na haikulipa mishahara wala dawa. Chama chenye kuipokea kinasaidia mambo ya pembeni: vyumba vya kupumzikia wauguzi, chakula, washauri kwa wenye moyo kuchoka, vyombo vya kuonana na jamaa kwa sura wakati mugonjwa amelazwa peke yake. Mambo mema. Lakini muzee wa miaka 99 hakubeba lopitali ku mabega, ata kama hotuba zilisema hivyo.

Sasa watu wa shimo. Mu inchi ya Wales, sehemu moja ya Uingereza, kuko mugini wa Tredegar, mugini wa makaa ya mawe na chuma. Wafanyakazi wa pale walikuwa na chama cha matibabu. Kila mumoja alikatwa peni tatu ku kila pauni ya mushahara. Pauni ya wakati ule ilikuwa peni 240, kwa hiyo ni kidogo kupita 1 ku mia. Kwa ile peni walilipa wanganga, dawa, lopitali, meno, macho, kwao na kwa bibi na watoto. Komite ilikuwa ya wafanyakazi wenyewe. Munganga alikuwa mutu wao wa kazi, si wao wake.

Aneurin Bevan alizaliwa kule mwaka 1897. Alishuka shimo na miaka 13. Baba yake, mutu wa makaa vilevile, alikufa juu ya vumbi ya shimo mu mapafu, na hakulipwa kitu. Bevan akaingia mu komite ya lopitali, kisha mu siasa, na nyuma ya vita akawa waziri wa afya. Alisema anataka inchi nzima itibiwe sawa vile watu wa Tredegar. Tarehe 30 ya mwezi wa 4, 1946, alisimama mbele ya wadepite na kueleza sheria yake. Akasema ni haya kwa inchi kuona wauguzi wanatembea mu barabara na kuombea lopitali makuta. Siku ileile Tom Moore alitimiza miaka 26. Tarehe 5 ya mwezi wa 7, 1948, kila mutu kule akaanza kutibiwa bila kulipa ku mulango. Njo lopitali zenye muzee alitembelea bustani.

Huku kwetu wazee wanakumbuka lopitali za Union Minière, kisha za Gécamines. Mufanyakazi alitibiwa, na jamaa yake. Hatukatai, zilikuwa nzuri. Lakini zilikuwa mali ya kampani, hazikuwa mali ya mwenye kutibiwa. Kampani ilipougua, lopitali ikaugua pamoja naye. Na mwaka 2003, wakati zaidi ya watu 10 000 walitoka Gécamines na makuta ya Banki ya Dunia, jina la mutu likitoka ku liste ya kazi, na mulango wa lopitali ulimufungikia. Leo muchimbaji akivunjika muguu mu kariere, wenzake wanazungusha kofia. Mama mwenye alizaa bila makuta, mara nyingine alibakizwa pale na mutoto mpaka faktire iishe. Wenye kuzungusha kofia tunao wengi, na hakuna mwenye kuwaimbia. Shiye tunauliza tu: makuta yenye sheria ya mine ya 2018 inaagiza ifike ku mikoa na mitaa ya wachimbaji, ni ngapi inaingia mu lopitali, na nani kati ya wachimbaji anakaa mu komite ya kuihesabu?

Neno moja ingine juu ya marehemu, kwani gazeti nyingi za Ulaya zilimuita muaskari wa Burma na kuishia pale. Ni kweli, alipigana kule upande wa Arakan. Lakini mu vita ya Burma kulikuwa vilevile maelfu ya Waafrika wa mashariki, wenye kusemezana Kiswahili mu pori, na lopitali ya vita ya Force publique: wauguzi na wabeba wagonjwa Wakongomani, wakitibu waaskari wa mufalme wa Uingereza. Mumoja wa Wakongomani wale wa Burma, muzee Albert Kunyuku, alikuwa akiishi Kinshasa mwaka 2021.

Kule Uingereza mambo haikuishia pale. Chama kikubwa cha wauguzi kiliomba 12,5 ku mia, na nyuma ya ile habari ya 1 ku mia kilitangaza mufuko wa pauni milioni 35 wa kushikilia wanachama kama mugomo ungefika. Ni kupita ile milioni 33 watu walileta. Tume ya mishahara ilingojewa kutoa mashauri yake mu mwezi wa tano 2021.