Muhuri wa Ofisi Katika Barua Pepe

Hapana ofisi ya Serikali, Unguja wala Pemba, inayouacha muhuri wake mezani ili kila apitaye agonge karatasi yake. Muhuri una mwenyewe, una kabati, na kabati lina ufunguo. Katika barua pepe ulinzi huo hauji wenyewe, lazima uwekwe.

Kanuni za kupeleka barua pepe, alizoziandika Jon Postel mwaka 1982, zilijengwa juu ya kuaminiana. Mpelekaji hutaja anwani ya mwandishi, na seva humsadiki. Mwaka 1999 ilitolewa kanuni ya kumtaka mtumiaji ajitambulishe kwanza kwa neno la siri, na wengi wakadhani mlango umefungwa. Lakini kumjua aliyeingia ni jambo moja, na kujua ameruhusiwa kuandika kwa jina la nani ni jambo jingine. Katika seva isiyowekewa mipaka, karani wa ghala akiisha kuingia kwa neno lake mwenyewe aweza kuandika barua kwa anwani ya mhasibu mkuu, nayo ikapokelewa.

Zipo kinga za SPF na DMARC, ambazo Marekani iliziamrisha kwa idara zake za shirikisho mwezi Oktoba 2017. Ni kinga njema dhidi ya mgeni, kwani humwonyesha mpokeaji kama barua imetoka katika seva halali. Ya karani wetu imetoka humo humo, hivyo itapita. Wala si lazima karani awe mwovu. Yatosha mwizi kulinasa neno lake la siri.

Sisi wa visiwani yatupasa kulitazama jambo hili kwa makini zaidi. Ofisa wa Wete apatapo agizo la malipo kutoka Unguja hawezi kuvuka barabara akaulize. Bahari iko katikati, naye hutegemea jina aliloliona. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza kujifanya mtu mwingine kwa kompyuta, lakini sheria hufika baada ya fedha kwisha kuondoka.

Dawa ipo, wala haihitaji fedha za kigeni. Programu ya Postfix, itumikayo bila malipo, hukubali orodha ya kila anwani na watu walioruhusiwa kuitumia. Asiyemo hukataliwa papo hapo. Mafundi waangalie, hata hivyo, kwamba orodha hiyo hukagua anwani ya bahasha tu. Jina alionalo msomaji ndani ya barua lahitaji ukaguzi wake wa pili.

Tunajua litakalosemwa: katibu muhtasi humwandikia mkurugenzi wake kila siku, na anwani ya masjala hutumiwa na watu watatu. Basi na waandikwe wote watatu, na katibu muhtasi pia, kwa idhini iliyo wazi, ili daftari la seva lionyeshe ni nani aliyepeleka. Na ahamishwaye afutwe siku hiyo hiyo.

Wakuu wa idara waitake orodha hiyo kwa mafundi wao wiki hii. Ikiwa haipo, waulize itakuwa tayari lini.