Mwana wa Mwashi na Lango la Anet

Katika ua wa chuo cha sanaa mjini Paris limesimama lango refu la mawe yaliyochongwa, ambalo jumba lake haliko hapo. Lilijengwa Anet, Ufaransa, karibu na mwaka 1550, kwa ajili ya Diane de Poitiers, kipenzi cha Mfalme Henri II. Baada ya Mapinduzi ya 1789 sehemu kubwa ya jumba ilibomolewa, lango likaokolewa. Aliyelibuni ni Philibert de l'Orme, na kwa mwalimu wa shule ya msingi tunaona kuwa lina somo.

Lina safu tatu. Chini ni nguzo za Kidoriki, nene, zenye mapambo machache. Katikati za Kiioniki, ambazo vichwa vyake vimejikunja mithili ya pembe za kondoo dume. Juu za Kikorintho, zilizovikwa majani. Nzito hubeba, nyepesi hubebwa. Utaratibu huo ni wa Warumi wa kale, na de l'Orme alikwenda Roma kijana akapima magofu yao. Walakini mwalimu wake wa kwanza alikuwa baba yake, mwashi wa Lyon. Alijisifu kwamba akiwa na miaka 15 alisimamia watu zaidi ya 300 kila siku (tumpunguzie kidogo, unyenyekevu haukuwa sifa yake). Alitaka mjenzi ahesabiwe miongoni mwa wasomi. Katika kitabu chake cha 1567 alimchora mbunifu mbaya asiye na macho wala mikono, na mbunifu mwema mwenye macho matatu na mikono minne, akimfundisha kijana.

Sasa tutazame madarasa yetu. Mtoto wa mwashi huingia akiijua timazi, nasi humwandikia ubaoni maana ya mstari wima kana kwamba hajapata kuuona. Punde huanza kuionea haya kazi ya babaye. Hiyo ni hasara tunayoisababisha sisi wenyewe. Yafaa somo la vipimo lianzie mlangoni pa darasa: watoto wapime kwa kamba na rula, walinganishe urefu na upana, wachore, ndipo kanuni iandikwe. Wenzetu watasema ratiba imebana na mtihani hauulizi timazi. Ni kweli, lakini kanuni iliyokaririwa bila kupimwa hurudiwa kufundishwa muhula ujao, na muda huo nao huhesabiwa.

Na fundi aliye jirani na shule aalikwe mapema, kabla hajapata kazi ya mbali, aje na timazi yake.