Mbona Mathe Anachangia Mabati ya Kanisa na Keja Yake Inavuja?

Kabla uanze kutukana, piga picha hii. Mathe wako anaishi keja ya kulipia. Mvua ikinyesha, kuna ndoo kwa kona na sufuria kando ya kitanda. Jumapili pasta akisema kanisa linahitaji mabati mapya, anatoa thao fresh bila kusita. Wewe ukiomba soo ya bando unaambiwa hakuna pesa. Inauma, najua. Kitambo mimi nilikuwa nasema hao wamama wamechotwa akili, basi.

Siku hizi naona tofauti. Mabati ya hiyo keja ni ya landlord. Mathe akiirekebisha ikae poa, landlord ataona imeng'aa na aongeze kodi. Kutoka keja hadi kibanda anachouzia mboga, kila kitu mtaani ni cha mwenyewe mwingine. Kanisa ndilo jengo moja anaweza kusimama mbele yake aseme "letu". Chama yake inakutana hapo. Mtu akiaga, mikutano ya matanga ni hapo, na hakuna mtu wa kukudai pesa ya ukumbi. Maproducer kibao wa mtaa walishika kinanda mara ya kwanza hapo hapo, hata kama leo hawaingii.

Pia kuna hesabu ya kawaida ya fundi. Bati likishika kutu, maji inaingia kwa mbao, na mbao ikioza sio mabati kumi tena, ni paa zima. Halafu kelele. Kanisa la mabati bila dari ni ngoma, na NEMA ina sheria za kelele tangu 2009. Ukiweka dari na ukuta wa mawe, majirani wanapunguza kuwapigia chifu simu.

Lakini hii stori ina upande mwingine, na hapo ndio moto uko. Kuna njia ya mkato: mheshimiwa anakuja na bahasha, mnapata paa fasta. Novemba 2024 Rais Ruto alienda kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Akaacha laki 6 za kwaya na kundi lingine la parokia, na milioni 2 za kujenga nyumba ya padri. Siku chache kabla, maaskofu Wakatoliki walikuwa wameichana serikali vikali. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema hizo pesa zirudishwe. Machi 2025 ikawa Roysambu, milioni 20 za kujenga kanisa la Jesus Winner Ministry. Vijana wakaingia barabarani, tairi zikachomwa, polisi wakarusha vitoa machozi.

Wazee wengine waliuliza: sasa vijana mnachukia kanisa? Zii. Mwenye amelipa paa ndiye hushika maiki. Ukijengewa na mtu wa serikali, Jumapili ushuru ukipanda utasema nini pale mbele, na yeye ameketi kiti cha kwanza? Thao ya mathe ni kidogo na inachelewa, jengo linakaa miaka na nondo zikichungulia juu, lakini hakuna mtu anaweza kumwambia anyamaze.

Ama ndivyo anavyodhani. Maana kuna makanisa ujenzi hauishi, kila mwaka ni mchango na ukuta ni ule ule, na gari la pasta ndilo linabadilika. Na kuna swali watu hawapendi: hati ya ploti iko kwa jina la nani? Kama ni la wadhamini wa kanisa, sawa, mathe anajenga chake na wenzake. Kama ni la pasta na bibi yake, basi amepata landlord wa pili, na huyu hata risiti hatoi.

Mimi nilimuuliza wangu. Alikasirika kwanza, akasema nimeanza umbeya wa mitandao. Halafu akanyamaza, akasema ataulizia kwa kamati. Hii ni wiki ya tatu anazungushwa, "ngoja mwenyekiti arudi kutoka ocha". Pesa ya mabati ya mwezi huu bado ameikunja kwa leso, hajaitoa.