Tairi zisizolingana zinaua magari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaase wenye magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, kama Subaru. Hapa Segese tairi moja ikipasuka njiani kwenda Kakola, mtu hununua yoyote ya mtumba yenye namba ileile ubavuni, akaondoka. Namba haitoshi! Tairi yenye kashata nzima ni kubwa kuliko kipara, hivyo huzunguka mara chache zaidi. Difu ya kati haipumziki. Hupata moto, ikafa.

Asiyeweza kununua nne mpya atafute zilizochakaa sawasawa, apime mzunguko kwa kamba. Asome pia tarakimu nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Wauzaji nao waache kutuambia “zinafanana tu.”

Mwenye gari,
Segese, Kahama.