Tuacheni kujivunia mashimo ya almasi

Jamani, leo mnivumilie, nina hasira. Juzi kwenye matatu ya Umoja jamaa mmoja alikuwa akihubiri: Afrika ni tajiri, tazameni almasi za Mwadui! Abiria wote wakaitikia. Mimi nasema huo ni usingizi.

Mwadui, kule Shinyanga, almasi zilipatikana mwaka 1940. Lakini leo wanaotengeneza lenzi za almasi za kukusanya eksirei hawahitaji shimo la mtu. Almasi yao huikuza kiwandani, kwa joto na mgandamizo mkubwa au kutokana na gesi. Kisha huichonga kwa leza na kuisugua. Wanaipenda kwa sababu humeza eksirei kidogo, na hupitisha joto mara kadhaa kuliko shaba, kwa hiyo huhimili miale mikali.

Sasa sikiliza hili, ndugu yangu. Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, na kwa miaka mia moja watu waliamini hazina lenzi ya kufaa. Mwaka 1996, Grenoble, Ufaransa, wanasayansi wakazikusanya. Kwa almasi? Hapana! Walitoboa matundu 30 membamba, kwa mstari, kwenye kipande cha alumini. Eksirei hupinda kinyume cha mwanga wa kawaida, tena kidogo mno, hivyo tundu ndilo lenzi, nayo yanatakiwa mengi.

Kutoboa alumini! Nenda Kariobangi Light Industries uone mafundi wetu wanavyotoboa vyuma. Mikono tunayo. Tunachokosa ni mahali pa kupima. Lenzi isiyopimwa ni pambo tu, na kipimo chake cha mwisho ni miale ya sinkrotroni. Afrika haina hata sinkrotroni moja. Mwaka 2015 wanasayansi walifanya mkutano wa kuitafutia Afrika ya kwake, na mkutano wenyewe ulifanyika wapi? Grenoble!

Utaniuliza, Kayole mifereji imekauka, lenzi ya nini? Miale hiyo ndiyo huonyesha maumbo ya protini za vimelea, na dawa nyingi huanzia hapo.

Sisi waandika programu hatuna kisingizio. Programu za kuiga miale hiyo zipo bure. Nimepiga hesabu kwa kompyuta yangu ya mtumba: lenzi 10 za almasi, zenye mviringo wa nusukipenyo cha mikromita 100 pande zote mbili, hukusanya eksirei za keV 10 umbali wa sentimita 68 hivi.

Madini hayahesabu yenyewe. Tuwadai viongozi maabara, na sisi tuanze hesabu leo.