Darasa Lisilo na Kuta na Mwanafunzi Aliyebaki Nje

Miaka michache iliyopita nilifanya kosa ambalo hadi leo linanifundisha. Jaribio la somo langu lilikuwa limepangwa kufanyika Ijumaa saa nane mchana. Alhamisi usiku nikaarifiwa kwamba ukumbi tuliopangiwa ungekuwa na shughuli nyingine. Nikachukua simu, nikaandika katika kundi la WhatsApp la darasa kwamba jaribio litafanyika saa mbili asubuhi. Muda si mrefu majibu yakaanza kumiminika: "Sawa Dokta." Nikalala nikiusifu wepesi wa teknolojia.

Ijumaa saa nane mchana kijana mmoja aligonga mlango wa ofisi yangu, mkononi ana kalamu na kitambulisho. Aliniamkia, akaniambia amekuta ukumbi umejaa watu asiowafahamu. Nilipomuuliza kama hakuusoma ujumbe wangu, alitoa mfukoni simu ya kitochi, akaiweka mezani. Simu janja aliiuza mwanzoni mwa muhula ili alipe pango la chumba. Hakuwa analalamika, alikuwa anaeleza tu. Nilimtungia jaribio lingine wiki iliyofuata. Hata hivyo, swali moja liliendelea kuninyima raha: kabla yake, ni wangapi waliokosa tangazo, wakapata sifuri, wakanyamaza?

Silielezi tukio hili kwa nia ya kupinga matumizi ya mtandao katika elimu. Nalieleza kwa sababu mimi ni miongoni mwa wanaoyatetea, na mtetezi wa kweli hana budi kuzijua kasoro za kile anachokitetea.

Nafundisha jiografia. Ndani ya ukumbi wenye wanafunzi zaidi ya 300, mhadhara ukiwa kwa Kiingereza, mikono inayoinuliwa ni ileile tangu wiki ya kwanza hadi ya mwisho. Wengine huandika na kuondoka. Lakini usiku, katika kundi la darasa, maswali huja kwa Kiswahili, mengi kwa ujumbe wa sauti, tena kutoka kwa wale wasiowahi kufungua vinywa ukumbini. Ndipo nilipotambua kuwa wale tuliodhani hawana la kusema walikuwa wanakosa lugha ya kulisemea. Hilo peke yake linatosha kunishawishi kwamba nje ya darasa kuna elimu ambayo ndani ya darasa tunaizuia wenyewe.

Faida ya pili naiona kwa walimu. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani anafundisha katika shule ya sekondari ya kata, naye ndiye mwalimu pekee wa jiografia kwa vidato vyote vinne. Siku moja aliniandikia: "Shikamoo Dokta. Vijana hawaielewi kabisa mistari ya kontua, nami nimeishiwa mbinu." Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti: chukua kiazi kikubwa, kikate nusu kwa urefu, kilaze kama mlima, kisha kikate kwa ulalo vipande vyenye unene sawa. Chora mzingo wa kila kipande juu ya karatasi moja, kimoja ndani ya kingine. Kesho yake akanitumia picha: vijana wameinamia madawati, viazi vitamu vimetapakaa, na ramani za milima zimechorwa kwenye madaftari. Aliwapelekea ujumbe ule walimu wenzake wa shule jirani. Leo wana kundi lao, wanabadilishana maswali ya mitihani na kusahihishana maandalio ya somo, wala hawanihitaji tena.

Tuzingatie jambo moja hapo. Vijana wale hawana simu, na kanuni za shule haziwaruhusu kuwa nazo. Mtandao umewafikia kupitia mwalimu wao. Kwa hiyo, katika nchi ambayo vifaa havijaenea kwa usawa, shilingi ya kwanza ya teknolojia ya elimu iende kwa mwalimu. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa kwa walimu, na hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini kishikwambi kisicho na bando, kisicho na maudhui ya somo, wala mwenzako wa kumuuliza swali, hakina tofauti kubwa na kioo.

Somo hili si geni kwetu. Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Redio haikuachwa ifanye kazi peke yake. Palikuwa na vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo, na vitabu vya kusoma. Baada ya kipindi watu walichimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Waliobuni kampeni ile walijua kwamba chombo hupeleka sauti tu. Kinachoelimisha ni watu waliojipanga kuizunguka sauti hiyo. Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, tuliharakisha kupeleka vipindi hewani na mihadhara mtandaoni. Mwenye kifaa na bando alisoma. Asiyekuwa navyo alisubiri.

Wapo watakaosema kwamba simu zinazidi kushuka bei, hivyo tatizo litajimaliza lenyewe. Huenda. Lakini mwanafunzi wa muhula huu hasomi katika muhula ujao wa ndoto zetu. Atafanya mtihani mwaka huu, na alama zake hazitarekebishwa bei zitakaposhuka.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, tangazo lolote linalogusa alama za mwanafunzi libandikwe ubaoni kabla ya kutumwa mtandaoni, na mabadiliko ya usiku kwa usiku yasiwe halali. Pili, tupunguze uzito wa tunachokituma: ujumbe mfupi wa sauti na kurasa chache hupita pale ambapo video ya saa nzima hukwama na kumaliza bando. Tatu, maktaba za shule na vyuo ziwe na nakala za maudhui hayo kwenye kompyuta zake, zisomeke bila intaneti. Nne, waajiri watambue kwamba kumjibu mwanafunzi saa nne usiku ni kazi. Ipangiwe saa na ihesabiwe katika majukumu ya mwalimu. Saa maalumu zitamlinda pia mwanafunzi, hasa wa kike, asilazimike kuwasiliana faraghani na mhadhiri wakati wowote mhadhiri anapotaka.

Tangu Ijumaa ile nina desturi moja. Wiki ya kwanza ya muhula nazungusha karatasi ukumbini, kila mwanafunzi anaandika anapokelea wapi habari za darasa. Kila mwaka wapo wanaoandika neno moja tu: "Ubaoni." Majina yao nayabandika juu ya meza yangu, na kila ninapotaka kutuma ujumbe kwenye kundi, huyasoma kwanza.

Naomba kutoa hoja.