Sigara kaacha, uvimbe je?

Juzi nilikuwa nyumbani Hedaru, pale mabasi ya Dar na Arusha yanapopita kama yamefukuzwa. Kijiweni nikamkuta mshikaji wangu mmoja hana fegi mkononi. Nikashangaa, maana huyo tangu tuko shule alikuwa akizima moja anawasha nyingine. Nikampa hongera. Akanivuta pembeni: "Kaka, nina kitu kwenye korodani."

Kitu chenyewe ni uvimbe mgumu kama punje ya mahindi, hauumi. Aliugusa akioga, miezi mitatu iliyopita. Jamaa mmoja akamwambia sigara ndiyo inaleta kansa ya huko, basi akaacha fegi akingoja uvimbe uishe. Mwingine akasema ni ngiri, akamletea mizizi. Fegi kaacha, mizizi kanywa, uvimbe ndio kwanza unakua!

Jamani, tuelewane. Sigara ni sumu, hilo halina ubishi. Inaleta kansa ya mapafu, koo, mdomo hata kibofu, na nguvu za kiume inazipunguza. Lakini kwa korodani, watafiti hawajakubaliana: huyu anaona uhusiano kidogo, yule haoni kitu. Shirika la utafiti wa kansa la Shirika la Afya Duniani, lililoko Lyon, Ufaransa, halijaiweka korodani kwenye orodha ya kansa zinazoletwa na tumbaku. Bangi ndiyo inayotiliwa shaka zaidi, tangu utafiti wa Marekani wa mwaka 2009, ingawa nayo haijathibitishwa. Kinachojulikana vizuri ni korodani ambayo haikushuka utotoni, au baba ama kaka aliyewahi kuugua.

Kwa hiyo wewe usiyevuta usijione umesalimika, na wewe uliyeacha usidhani umejitibu. Kwetu Waafrika ugonjwa huu ni nadra, lakini ukija haungoji uzee, unawashika zaidi vijana wa miaka 15 hadi 40 hivi.

Habari njema ni kwamba wanaowahi matibabu, zaidi ya 9 kati ya 10 wanapona. Yule mwendesha baiskeli wa Marekani, Lance Armstrong, aligundulika mwaka 1996 akiwa na miaka 25. Ilishafika mapafuni na kwenye ubongo, na bado akapona. Hata korodani moja ikitolewa, kwa kawaida iliyobaki inatosha kukupa watoto.

Sasa fanya hivi. Mara moja kwa mwezi, ukishaoga maji ya moto, ipapase kila korodani taratibu kwa vidole. Moja kuning'inia chini kidogo ni kawaida, na kamba laini kwa nyuma ni kawaida. Ukikuta kigumu, uzito au uvimbe usiouelewa, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Daktari ameona nyingi, yako haitamshangaza.

Mshikaji wangu nilipanda naye basi asubuhi mpaka Same. Wakampima, wakampa barua ya kwenda KCMC, Moshi. Ninavyoandika haya anangoja majibu. Njiani nilimuuliza kwa nini alikaa miezi mitatu. Akaangalia dirishani, akasema: "Nilikuwa naona soo."

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.